Kishikwambi, Kijivu na Kichwa cha Mzee Ndaro

Haya si ya zamani wala si ya mbali. Yametokea juzi tu, katika nchi ambayo sitaitaja jina. Siyo kwamba naogopa, la hasha. Jina la nchi ile ni mali ya Serikali, na mimi sina kibali cha kulitumia. Nawe msomaji usianze kuchungulia dirishani. Siyo kwenu. Kwenu, nasikia, mambo ni shwari.

Katika nchi hiyo Serikali hainunui chombo chochote mpaka kipimwe, na kipimo ni kimoja: kichwa cha mtu. Utaratibu huu tuliachiwa na waasisi wa taifa, watu walioona mbali. Waligundua kwamba chombo chochote utakachomkabidhi mtumishi wa umma, kiwe jembe, kiwe kiti, kiwe rula ya kupigia mistari, siku moja atampiga nacho mwananchi. Basi badala ya kungoja siku hiyo itufikie kwa kushtukiza, wakaona ni busara tujue mapema kila chombo kinapiga vipi. Ndipo ikaundwa ofisi ya Mpigwaji wa Serikali, mtumishi mwenye sare, pensheni na kofia, ingawa kofia haruhusiwi kuivaa akiwa kazini.

Wakati wa mkasa huu Mpigwaji alikuwa Mzee Ndaro, mtu mpole, mwenye kichwa kikubwa kilichojaa mabonde na vilima. Kichwa hicho kimelitumikia taifa. Kilipima majembe ya mapinduzi ya kilimo, mabomba ya mradi wa maji, makoleo, viti vya Bunge, na hata Katiba mpya yenye jalada gumu. Katiba, kwa taarifa yako, ilionekana nyepesi mno. Ikarudishwa kiwandani ikaongezewe adhabu.

Aliyekuwa akimpiga ni Sajini Chepe. Hawakuwa na ugomvi hata kidogo. Walianza kazi pamoja wakiwa vijana, wakazeeka pamoja, mmoja upande huu wa chombo na mwenzake upande ule. Utaratibu ulikuwa mwepesi: Sajini anapiga, na anaendelea kupiga, mpaka Mpigwaji aseme kwenye kipaza sauti neno moja tu, "Kinafaa!" Akishalisema, muziki unapigwa, chombo kinagongwa muhuri, kinapelekwa bohari na kufungiwa huko mpaka wananchi watakapokuwa tayari kukitumia. Kwa kuwa Mzee Ndaro hakuwa mjinga, neno hilo alikuwa akilisema mapema.

Jioni akirudi nyumbani, mkewe Bi Tausi humngoja na maji ya moto na kitambaa. Humkalisha kwenye kigoda, akamkanda kichwa taratibu, na kumwuliza kama wake wengine wanavyouliza waume zao wametoka na nini sokoni.

"Leo nini, Baba Siwema?"

"Leo koleo."

"La mpini mrefu?"

"Mrefu."

"Pole."

Siwema ni binti yao, ameolewa mbali. Basi ndiyo yalikuwa maisha yao, na hakuna aliyelalamika.

*

Balaa lilianza pale Waziri wa Usomaji na Utulivu, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Kishindo, aliporudi kutoka safari ya ng'ambo. Huko aliwaona watu wamekaa kwenye viti vya bustani wanasoma vitabu ambavyo si vitabu, bali vimo ndani ya kipande bapa cha kioo. Alirudi hasemi na mtu. Kesho yake akaagiza vitabu vyote vya karatasi nchini vikusanywe uwanjani vichomwe moto, ili wananchi wafike kwenye usomaji wa kisasa wakiwa mikono mitupu, bila kishawishi cha kurudi nyuma.

Vikachomwa. Wapo waliong'ang'ania vyao, na hao walisogezwa motoni pamoja navyo. Lakini ilikuwa mikono tu, na daktari wa Serikali alikuwepo, alishuhudia wakipiga kelele za kawaida.

Usomaji wa kisasa wenyewe ukawa haujafika. Kwa hiyo kukawa na kipindi fulani, mpaka leo hakijaisha, ambacho hapakuwa na cha kusoma isipokuwa vibao vya "Usikojoe Hapa".

Hatimaye vifaa vikaletwa, viwili, kutoka kwa wauzaji wawili. Cha kwanza kilikuwa kishikwambi: kioo kinang'aa, kina rangi zote, kinajimulika chenyewe gizani, kizito kidogo, na ukikigusa usoni kwa kidole ukurasa unafunguka. Ubaya wake kinachosha macho, na chaji yake haifiki jioni. Cha pili kilikuwa cha wino wa umeme. Uso wake ni wa kijivujivu kama karatasi ya gazeti, hauna rangi wala mng'aro. Kurasa zake zinafunguliwa kwa kitufe cha pembeni. Ni chepesi, kinapumzisha macho, kinasomeka juani kuliko kivulini, na chaji yake inakaa mpaka mtu asahau alikotia waya. Watu wakakiita Kijivu.

Sasa tuchague kipi? Kamati ya Taifa ikakaa. Mjumbe kutoka Polisi alisema kishikwambi kinafaa kwa kusomea, kwani mtuhumiwa ukimwekea usoni gizani hawezi kufumba macho. Mjumbe kutoka Magereza akapinga vikali. Alisema Kijivu ndicho cha kusomea, kwa sababu hakichoshi macho, na mfungwa anaweza kusomeshwa ungamo lake kutwa kucha bila kupata upofu wa kuisingizia Serikali. Mjumbe kutoka Elimu alitaka kusema kitu, akakumbuka ana watoto.

Ndipo Waziri Kishindo akasimama.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Ndugu wajumbe, kusoma ni nuru. Na nuru isiyodhibitiwa ni moto. Nani asiyejua kwamba taifa linalosoma ovyo ni sawa na nyumba isiyo na kufuli? Nasema, na nitasema tena, na nikimaliza nitarudia: tutafuata utaratibu! Vifaa hivi vitapelekwa kwenye kichwa cha Mzee Ndaro, na kichwa hicho ndicho kitakachosema!"

Wajumbe wakapiga makofi. Mmoja alichelewa kuanza, akapelekwa kupumzika.

*

Siku ya kupima kishikwambi uwanja ulijaa pomoni. Mzee Ndaro alifungwa kwenye kiti chake, kipaza sauti mbele ya mdomo. Sajini Chepe akakishika kishikwambi kwa mikono miwili, uso wa kioo ukimwelekea mzee, maana sheria inataka chombo kipige kwa upande wake wa matumizi.

Lipo jambo moja ambalo Kamati haikulifikiria. Wauzaji wote wawili, kwa adabu tu, walikuwa wametia hadithi ndani ya vifaa vyao. Na kwa kuwa katika nchi ile hadithi iliyosalia bila kuchomwa ilikuwa moja, iliyosahaulika kwenye kompyuta ya forodha, wote walitia hiyo hiyo.

Sajini akapiga. Paji la uso likagonga kioo, na kioo, kisichojua tofauti ya kidole na paji la uso, kikafungua ukurasa wa kwanza.

Mzee Ndaro akafumbua macho. Mbele yake palikuwa na maneno, yanang'aa. Hakuwa ameona maneno ya namna ile tangu moto wa uwanjani. Yalisema kwamba mchukuzi mmoja alitoka machumvini na gunia la chumvi mgongoni, akimpelekea mama yake, na mbele yake kulikuwa na mageti mengi.

Kwa kawaida hapo ndipo angesema lile neno. Watu walishavuta pumzi, bendi ilishainua matarumbeta. Mzee hakusema kitu. Alisoma mpaka chini ya ukurasa, kisha akainua macho kumtazama Sajini.

"Piga, Afande."

"Mzee wangu, vipi?"

"Ukurasa umeisha. Piga."

Sajini akapiga, ukurasa ukafunguka. Kwenye geti la kwanza walinzi walimpiga mchukuzi kwa fimbo, wakachota chumvi. Sajini akapiga tena. Kwenye geti la pili walimpiga kwa mikanda, wakachota chumvi. Damu ilikuwa ikimwingia mzee kwenye jicho la kushoto, akawa anasoma kwa la kulia.

"Unasoma nini humo?" Sajini alimnong'oneza, kwa sababu kusoma kabla kifaa hakijaidhinishwa ni kosa la jinai. Yeye aliona mgongo wa kishikwambi tu.

Mzee akageuza mdomo kando ya kipaza sauti, akamweleza kwa kifupi, akitema jino.

"Enhe," Sajini alisema, akishusha pumzi. "Halafu?"

"Halafu sijui. Piga tujue."

Basi ikawa hivyo. Sajini anapiga, mzee anasoma, mzee anamnong'oneza, Sajini anaguna, anapiga. Uwanja mzima uliona kitu kimoja tu: Mpigwaji wa Serikali, kwa mara ya kwanza katika historia, amekataa kusema Kinafaa.

*

Wananchi wa nchi ile si watu wa kuachia jambo lipite bila maana. Hapo hapo wakapata maana. Walioshangilia kishikwambi wakasema mzee amehongwa na watu wa Kijivu. Watu wa Kijivu, ambao asubuhi ile hawakujua kama ni watu wa Kijivu, wakasema mzee ni shujaa, amekataa mng'aro wa mabepari. Mtu akamvua mwenzake kiatu akampiga nacho. Baada ya hapo kila mmoja akapata kazi.

Walipigana uwanjani, wakatoka wakapigana barabarani, wakafika mitaani. Mtaa mmoja ulichomwa kwa sababu nyumba zake zilikuwa na rangi ya majivu. Mtaa wa pili ulipigwa mawe kwa sababu ulikuwa na madirisha ya vioo. Kinyozi aliburutwa nje ya banda lake akaulizwa yeye ni wa kipi. Akajibu kwamba hajui kusoma, nao wakampiga pande zote mbili kwa zamu, wakipisha kwa heshima. Bibi mmoja aliyefunga kitambaa cha kijivu kichwani alikutwa amelala mferejini, na kitambaa kimebadilika rangi. Polisi walifika wakafyatua risasi bila upendeleo. Taarifa rasmi ilisema waliokufa walikuwa wakikimbia, na kukimbia ni hatari kwa afya.

Kumbuka kwamba watu hawa wote hawakuwahi kukishika kishikwambi wala Kijivu. Walikuwa wakiuana kwa niaba.

Jioni ile Mzee Ndaro alirudishwa nyumbani na gari la maji taka, kwa kuwa magari ya wagonjwa yalikuwa yamechomwa. Bi Tausi akaweka maji ya moto. Safari hii hakuuliza leo nini, maana nchi nzima ilishajua.

"Baba Siwema," alisema, akimfuta damu sikioni, "mbona hukusema? Neno moja tu! Miaka yote unalisema, leo lilikukwama wapi?"

"Halikunikwama. Nikilisema wanakichukua wanakifungia bohari."

"Wakifungie! Wewe kinakuhusu nini?"

Mzee akaushika mkono wenye kitambaa. "Kuna mtu ndani," alisema. "Amebeba chumvi. Kila geti anapigwa na kupunguziwa. Gunia linaelekea kwisha na nyumbani kwao bado. Nataka kujua kama atafika, Mama Siwema. Na akifika na gunia tupu, mamake atamwambia nini."

Bi Tausi alikasirika, akalia, akarusha kitambaa ndani ya karai.

"Yaani utaniacha mjane kwa ajili ya mchukuzi wa chumvi? Mtu asiyekuwepo?"

"Yupo," mzee alisema. "Anapigwa kama mimi."

*

Kesho yake kipimo kiliendelea, kwani sheria inasema kipimo kikianza hakisimami, hata nchi isimame. Moshi ulikuwa ukipanda kila upande wa mji. Sajini Chepe alifika mapema kuliko kawaida yake, na kabla hajakamata kifaa aliinama sikioni mwa mzee.

"Nimelala nikiwaza geti la mwisho," alisema. "Mimi nadhani wale walinzi ni ndugu zake. Watamwonea huruma."

"Tutaona. Piga, Afande."

Hawakuwa ndugu zake. Walimpiga mchukuzi kuliko wote, wakakung'uta gunia mpaka ikatoka vumbi tupu. Mchukuzi akaiona nyumba ya mamake kwa mbali, taa inawaka dirishani. Mzee akasema, "Piga!" Sajini akapiga, pengine kwa hamu kuliko ilivyotakiwa, na kioo kikapasuka vipande vipande. Kishikwambi kikalia kidogo. Mwanga ukazima. Ukabaki weusi, na ndani ya weusi ule Mzee Ndaro aliuona uso wake mwenyewe, hakuutambua.

"Kimekufa," Sajini alisema, kwa huzuni ya kweli.

"Kile kingine kina hadithi ile ile," mzee akamjibu. "Waambie walete Kijivu."

Watu wa Kijivu waliposikia mzee mwenyewe amekiitisha chao walipagawa kwa furaha, wakawatupa watu wa kishikwambi kutoka jukwaa la juu. Waziri Kishindo akatangaza kwamba, kutokana na uzito wa jambo, Mtukufu Kiongozi wetu mwenyewe atahudhuria. Mtukufu hakuwa amehudhuria kipimo chochote tangu kile cha Katiba, alipolala katikati.

Likabaki tatizo moja la haki. Kijivu ni chepesi. Kumpiga mtu nacho ni kama kumpepea. Wauzaji wa kishikwambi wakawasilisha malalamiko kwamba mashindano hayana usawa. Kamati, ambayo haipendi uonevu, ikakubali. Kijivu kikafungwa kwa waya kwenye mpini wa shoka, na kwa kuwa mpini wenyewe ulionekana haujatosha, ukaachwa na shoka lake, upande wa kisogo.

*

Jua lilikuwa la utosi. Mtukufu aliketi jukwaani chini ya mwavuli, na nyuma yake ukuta wenye picha yake. Bi Tausi alikuwa amekaa safu ya mbele, jamvini, karai la maji mapajani. Alikuwa ameamua kumkanda mumewe pale pale, asingoje jioni.

Sajini Chepe akakitazama kile chombo mkononi mwake. Kitufe cha kufungulia kurasa kilikuwa chini ya kidole gumba chake.

"Mzee wangu," alisema polepole, "hili si koleo. Nikipiga hili mara chache hutaamka. Nitabonyeza tu kitufe, nisipige. Wewe soma upesi, mwishoni useme Kinafaa, twende nyumbani."

"Wanatutazama, Afande."

Na kweli walikuwa wakitazamwa. Ofisa usalama alikuwa amesimama nyuma ya Sajini na bastola, kwa ajili ya kumtia moyo. Sajini akabonyeza mpaka mzee akamwashiria kwa jicho kwamba wamefika pale walipoachia, kisha akapiga. Mfupa ulitoa sauti ambayo kipaza sauti kiliisambaza uwanja mzima. Watu wa Kijivu wakashangilia.

Mzee alisoma, akamnong'oneza Sajini. Mchukuzi alikuwa akitambaa sasa, miguu imevunjika, analiburura lile gunia tupu kwa sababu alikuwa ameahidi.

"Atamfukuza," Sajini alinong'ona, machozi yakimdondokea ndevuni. "Mama yangu mimi angenifukuza. Angesema chumvi iko wapi."

"Bonyeza," mzee alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana.

Sajini akabonyeza, ofisa akamgusa kisogoni kwa mdomo wa bastola, Sajini akapiga. Pigo hilo lilivunja kila kilichokuwa na cha kuvunjika. Waya zilikatika, betri ikachomoka ikaanguka mchangani, na kichwa kile kilichopima mali zote za taifa kikafunguka upande. Lakini Kijivu kina tabia moja ambayo wajumbe wa Kamati hawakuisoma kwenye maelezo: kikifa, hakifuti. Ukurasa kilioufungua mwisho kinabaki nao.

Mzee Ndaro aliusoma kwa jicho lililobaki. Midomo ikacheza. Kipaza sauti kilinasa neno moja, na halikuwa lile lililosubiriwa.

"Amefika," alisema, na kichwa kikalala kifuani.

Bi Tausi aliacha karai likamwagika. Alimfikia kabla ya askari, akamsukuma Sajini, akakichomoa Kijivu kwenye shoka. Akautazama ukurasa. Haukuwa na maneno mengi. Mama alifungua mlango. Hakulitazama gunia. Aliinua taa, akamshika mwanawe kidevu, akamwuliza: "Nani amekupiga?"

Hadithi ilikuwa imeishia hapo.

Bi Tausi alisimama nacho mkononi, na mimi niliyekuwa karibu naye niliona uso wake unavyobadilika. Alikuwa akikumbuka jioni zote zile, maji ya moto, kigoda, kitambaa. Alimwuliza nini, akamwuliza kikubwa kiasi gani, mpini mrefu au mfupi. Hili hakuwahi kumwuliza. Akaushika uso wa mumewe kwa mikono miwili, palepale mbele ya kipaza sauti.

"Nani amekupiga, mume wangu?"

Sauti ikazunguka uwanja mzima. Watu wote wakamtazama Sajini Chepe, mwenye shoka. Sajini, kwa kutojua la kufanya, akageuka kumtazama Waziri Kishindo. Waziri akageuka kumtazama Mtukufu. Mtukufu naye akageuka nyuma aone anayetazamwa ni nani, akakuta ukuta, na ukutani picha yake.

*

"Zimeni kile kitu!" Waziri alipiga kelele.

Askari walimnyang'anya Bi Tausi kile kifaa, wakakigeuza huku na huku mbele ya watu wakitafuta pa kukizimia. Kilikuwa kimekwisha kuzimika. Maneno yapo. Waziri akaamuru umeme ukatwe. Ukakatwa nchi nzima, wagonjwa mahututi wakafa hospitalini, na ukurasa ukabaki pale pale, tena juani ukasomeka vizuri zaidi. Wakaupiga kwa marungu. Ukapata ufa, na ufa ukapita pembeni ya swali. Mwishowe wakaanza kuwapiga risasi waliokuwa wameshausoma, lakini hao walikuwa wengi, na kila aliyeanguka jirani yake alimwinamia akamwuliza kama Bi Tausi alivyouliza.

Watu wa kishikwambi na watu wa Kijivu, kwa mara ya kwanza, hawakuwa na cha kugombania. Wakatawanyika kimya, wamebeba maiti za pande zote mbili bila kuchagua.

Uamuzi ulitolewa wiki ile ile. Waziri Kishindo alilihutubia taifa akiwa na plasta shavuni. Alisema, itifaki ikiwa imezingatiwa, kwamba baada ya utafiti wa kina Serikali imechagua kishikwambi, kwa kuwa kifaa salama cha kusomea ni kile ambacho ukikipiga kinanyamaza. Kijivu kimepigwa marufuku, pamoja na mawingu ya rangi hiyo. Swali lile nalo limepigwa marufuku. Mwenye kutaka kuuliza aulize kwa nini, lini au wapi, na ajibiwe papo hapo kwa rungu.

Ilibaki nafasi ya Mpigwaji, ambayo kisheria haiwezi kukaa wazi. Wakamtafuta mtu mwenye uzoefu wa muda mrefu na kazi hiyo. Akapatikana mmoja tu. Sajini Chepe alivuliwa cheo chake kwa heshima zote, akavalishwa kofia, akavuliwa kofia, akafungwa kwenye kiti.

Siku ya kukiidhinisha kishikwambi tulilazimishwa kuhudhuria. Mtukufu alikuwepo, safari hii ukuta wa nyuma yake umetiwa pazia. Bi Tausi aliletwa kati ya askari wawili, ajifunze. Kijana mpya mwenye mabega mapana akakishika kishikwambi kipya, akapiga. Akapiga tena. Nasi tukangoja lile neno, bendi imeinua matarumbeta. Kwa kweli, hata mimi nilimwombea aliseme upesi.

Chepe akainua uso. Damu ilikuwa imeingia machoni na alikuwa akipapasa kwa kichwa, kama anayemtafuta mtu.

"Mama Siwema," alisema kwenye kipaza sauti. "Upo?"

Bi Tausi akainua kichwa.

"Niulize," akasema. "Mimi nilikuwa na mzee kila siku. Najua jibu. Niulize, mama."

Nilimwona Bi Tausi akikaza taya. Alikuwa na kila haki ya kumwacha afe vile vile, na sidhani kama yupo ambaye angemlaumu. Askari mmoja alimziba mdomo kwa kiganja. Akakiuma kile kiganja mpaka mfupa, akakitema.

"Nani amekupiga, mwanangu?"

Chepe akavuta pumzi, akalitaja jina.

Ni jina gani, mimi sikulisikia. Nilikuwa nimeziba masikio kwa vidole viwili, kama mwananchi mwema. Lakini macho sikuambiwa niyafumbe, na niliona midomo ya watu wote uwanjani ikilirudia.